Kompyuta Inayochelewa Kuwaka na Kuzimika: Huduma za Chinichini Zinasubiri Nini?

Katika steshenari za Ngamiani, Tanga, mteja wa kwanza wa asubuhi mara nyingi hufika kabla kompyuta haijawa tayari. Amekuja kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa au kujaziwa maombi ya mkopo wa chuo, na anayehudumia humwambia, "Subiri kidogo mama, mashine inaamka." Nembo ya Windows imekwisha kutokea, nywila imeandikwa, desktopu yenyewe inaonekana, lakini kila kinachobofywa hakiitikii. Jioni kero hubadilika sura, kwani mwenye duka amekwisha kufunga mlango mmoja na skrini bado imeng'ang'ania maneno yanayodai kwamba kompyuta inazimwa, mpaka mtu achoke na kushikilia kitufe cha kuwashia ili kuikata kwa nguvu.

Maelezo yanayotolewa kwa hali hii yamezoeleka: mashine imezeeka, imeingiwa na virusi, au inahitaji kupigwa Windows upya. Lolote kati ya hayo linaweza kuwa kweli. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uchelewaji wa namna hii husababishwa na huduma zinazoendeshwa chinichini, na huduma hizo huchelewesha kompyuta kwa njia mbili ambazo hazifanani: ama zinagombania kitu kimoja kwa wakati mmoja, ama mojawapo imekaa kimya ikisubiri kitu ambacho hakiji. Anayegombania anafanya kazi kupita kiasi, na anayesubiri hafanyi kazi yoyote. Kwa mtu aliyesimama mbele ya skrini hali zote mbili huonekana sawa, na ndiyo maana dawa iliyomponya jirani inaweza kukosa faida yoyote kwako.

Huduma, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni programu isiyo na dirisha. Haionekani kwenye skrini, haina alama ya kuifungia, na aghalabu huanza kabla mtumiaji hajaandika nywila yake. Huduma ndizo zinazopokea kazi za kuchapa na kuzipanga foleni, zinazotafuta masasisho, zinazokagua mafaili kwa ajili ya usalama, na zinazoifanya kompyuta itambue flashi mara inapochomekwa. Windows ya kawaida ina huduma zaidi ya mia moja zilizoandikishwa, na msimamizi wake ni programu iitwayo Service Control Manager, ambayo ndani ya mashine huonekana kwa jina la services.exe. Msimamizi huyo husoma orodha, huangalia kila huduma imepangiwa kuanza vipi, kisha huziita kwa utaratibu, akihakikisha kwamba huduma inayotegemea nyingine haianzi kabla ya hiyo nyingine.

Mpangilio wa kuanza una madaraja. Huduma iliyoandikwa Automatic huanza pamoja na mashine. Iliyoandikwa Manual hukaa imelala mpaka programu nyingine iiite au tukio fulani liiamshe. Iliyoandikwa Disabled haianzi hata ikiitwa. Kati ya hayo liko daraja la Automatic Delayed Start, lililoletwa na Windows Vista, ambalo huiahirisha huduma kwa takriban sekunde 120 baada ya mashine kuwaka ili isisongamane na nyinginezo. Daraja hilo ndilo linaloeleza malalamiko ambayo huwachanganya watu wengi, ya kwamba kompyuta imewaka vizuri, imetulia, na dakika mbili baadaye ikaanza kusuasua bila ya mtu kuigusa.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa hata na baadhi ya mafundi. Ukifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazoendeshwa, na kwenda kwenye orodha ya Startup, unachokiona hapo ni programu zinazoanza baada ya mtu kuingia kwa jina lake, kama vile programu za mazungumzo na za kuhifadhi mafaili mtandaoni. Huduma hazimo katika orodha hiyo. Mtu anaweza kuisafisha yote, akawasha kompyuta upya na akakuta mabadiliko ni madogo, kwa sababu mchelewaji wake hakuwa miongoni mwa wale aliowazima.

Tuanze na kugombania, ambako ndiko rahisi kukuona. Kompyuta nyingi zinazofanya kazi katika maduka na ofisi ndogo za Tanga ni za mtumba, na nyingi kati ya hizo bado zina diski ya sahani inayozunguka. Diski ya kompyuta ya mkononi kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 11. Kwa wastani sindano ya kusomea inabidi isubiri nusu ya mzunguko mpaka kipande kinachotafutwa kifike chini yake, na kabla ya hapo yenyewe inabidi isogee kwenye mstari unaohusika. Ukijumlisha hayo utaona kwamba diski ya aina hiyo haiwezi kutimiza hata maombi 100 kwa sekunde ikiwa vipande vinavyotakiwa vimetawanyika. SSD, yaani diski ya kisasa ambayo haina kitu kinachozunguka, hutimiza makumi ya maelfu.

Sasa fikiria asubuhi mashine inapowashwa baada ya kukaa siku tatu bila kutumika. Windows Update inataka kujua kilichopitwa, huduma ya usalama inakagua mafaili, Windows Search inapanga upya faharasa yake, SysMain inavuta kwenye kumbukumbu programu inazodhani utazihitaji, na programu ya printa inaangalia kama kuna toleo jipya. Kila mmoja anaomba vipande vidogovidogo kutoka pande tofauti za sahani, na sindano ni moja. Inakuwa kama muuza duka mmoja aliyeitwa na wateja kumi, kila mmoja akitaka kitu kilichoko kwenye rafu ya mbali na ya mwenzake: muda mwingi unaishia kwenye kutembea. Katika hali hii Task Manager huonyesha diski ikiwa asilimia 100 ilhali kasi halisi ya kusoma ni megabaiti moja au mbili kwa sekunde, na taa ndogo ya diski huwaka mfululizo bila kupumzika. Atakayeona dalili hizo mbili pamoja hahitaji kutafuta huduma moja yenye hatia, kwani tatizo ni msongamano wenyewe. Anaweza kupunguza waombaji, kwa mfano kwa kuhamishia huduma zisizo za haraka kwenye daraja la kuahirishwa, lakini kwa maoni yangu fedha ya kwanza katika mashine kama hiyo iende kwenye SSD, hata ndogo, kabla ya kununua RAM na kabla ya kumlipa mtu apige Windows upya kwenye diski ileile.

Kusubiri ni jambo jingine. Hapa diski imetulia, prosesa imetulia, feni haina makelele, na bado hakuna kinachosogea. Sababu ni kwamba huduma fulani imeitwa na haijajibu, na msimamizi amepewa muda wa kuisubiri kabla ya kukata tamaa. Katika Windows muda wa kawaida wa kusubiri huduma ijitambulishe baada ya kuanzishwa ni milisekunde 30,000, yaani nusu dakika. Nusu dakika hiyo ikipita, msimamizi huandika kosa na kuendelea, na huduma zote zilizokuwa zikimtegemea aliyekwama nazo zimekwisha kuchelewa.

Mazingira yetu yana vyanzo vya kusubiri ambavyo vitabu vya ufundi huvipitia juujuu. Cha kwanza ni intaneti. Katika duka ambalo mtandao wake ni bando la simu ya mwenye duka, kompyuta huwashwa saa mbili asubuhi na simu hufika saa mbili na nusu. Huduma zilizoundwa na watu waliodhani kwamba mtandao upo muda wote huanza kwa kutafuta seva yake, hukosa, hurudia, na hukosa tena. Zilizoandikwa kwa uangalifu hufanya hivyo pembeni bila kumzuia mtu. Zilizoandikwa kizembe hushikilia mlango mpaka muda uishe.

Chanzo cha pili ni historia ya mashine yenyewe. Kompyuta ya mtumba iliyotoka katika kampuni ya Ulaya au Marekani, ikiwa haikufutwa vizuri, huja na mawakala wa kampuni hiyo: programu ya kusimamia mashine kutoka mbali, ya kuunganisha na mtandao wa ndani wa ofisi, ya kurekodi orodha ya vifaa. Kila asubuhi, pale Makorora au Chumbageni, mawakala hao huamka na kuitafuta seva ambayo hawataipata kamwe. Mashine ya namna hiyo kwa kweli inastahili kupigwa Windows upya kutoka chanzo safi, na sababu yake ni ya usalama zaidi kuliko ya kasi.

Cha tatu ni folda za mtandao. Katika ofisi yenye kompyuta nne ambazo mafaili yake yamehifadhiwa kwenye mashine kubwa ya mhasibu, atakayefika kabla ya mhasibu atasubiri, kwa sababu kompyuta yake inajaribu kuunganisha diski ya mtandao iliyoko kwenye mashine ambayo bado imezimwa. Kuna pia printa ya mtandao ambayo anwani yake imebadilishwa na ruta, na kompyuta bado inaiita kwa anwani ya zamani.

Basi utajuaje kama kinachokusumbua ni kugombania au kusubiri? Kipimo cha kwanza hakihitaji programu yoyote. Chukua saa ya simu na upime uchelewaji kwa asubuhi kadhaa. Uchelewaji wa kugombania hubadilikabadilika: leo ni dakika tatu, kesho tano, kesho kutwa mbili, kwa kutegemea ni kazi gani zilizolundikana. Uchelewaji wa kusubiri hupenda namba kamili na hurudi uleule. Nusu dakika isiyopungua wala kuzidi, au dakika moja na nusu kila siku, ni alama ya saa iliyowekwa na mtu mahali fulani ndani ya mfumo, na kazi yako inakuwa ni kutafuta ni saa ya nani.

Kipimo cha pili ni daftari ambalo Windows hujiandikia yenyewe na ambalo watumiaji wengi hawajapata kulifungua. Ingia katika Event Viewer, fungua Applications and Services Logs, kisha Microsoft, kisha Windows, na ushuke mpaka Diagnostics-Performance, ambamo utakuta orodha iitwayo Operational. Tukio namba 100 ni kumbukumbu ya kuwaka kwa mashine, na ndani yake muda umeandikwa kwa milisekunde, kwa hiyo ukikuta 97340 ujue ni sekunde 97 na ushei. Muda huo umegawanywa sehemu mbili, mmoja ukiishia desktopu inapotokea na mwingine ukiendelea mpaka mashine itulie. Mgawanyo huo una thamani kubwa. Ikiwa sehemu ya kwanza ndiyo ndefu, tazama huduma na draiva (programu zinazoiwezesha Windows kuendesha vifaa), na ikiwa ya pili ndiyo ndefu, tazama programu za Startup na huduma zilizoahirishwa. Matukio yanayofuata humtaja mchelewaji kwa jina: 101 ni programu, 102 ni draiva, 103 ni huduma. Kwa upande wa kuzima, 200 ni muda wote, 201 ni programu na 203 ni huduma iliyochelewesha.

Tahadhari moja inahitajika katika kulisoma daftari hilo. Huduma iliyotajwa katika tukio 103 imechelewa, lakini hiyo haithibitishi kwamba ndiyo iliyosababisha. Huenda ilikuwa inangoja huduma nyingine ambayo yenyewe huitegemea, au ilikuwa katika foleni ya diski kama wenzake. Ifungue katika services.msc, dirisha la Windows lenye orodha ya huduma zote, utazame ukurasa wa Dependencies, na uone inamtegemea nani. Kisha linganisha na daftari la System lililoko chini ya Windows Logs. Humo, tukio 7009 linasema kwamba huduma fulani ilisubiriwa milisekunde 30,000 na haikujitambulisha, 7011 linasema kwamba huduma iliyokuwa tayari inaendeshwa haikujibu ilipoulizwa, na 7022 linasema kwamba huduma imekwama katikati ya kuanza. Ukikuta mojawapo ya hayo kila asubuhi na jina ni lilelile, umekwisha kumpata mtu wako.

Pale ambapo daftari halitoi jibu la wazi, inabaki njia ya kuzima na kujaribu, na hapa ndipo watu hupoteza siku nzima bila sababu. Andika msconfig katika sehemu ya kutafutia, nenda kwenye ukurasa wa Services, na kabla ya kugusa chochote weka alama kwenye Hide all Microsoft services. Hatua hiyo huziondoa machoni huduma za mfumo wenyewe na kukuachia zilizoletwa na programu nyingine. Tuseme zimebaki 16. Ukizizima moja moja, unaweza kujikuta umewasha upya mashine mara 16. Zima nane kwa pamoja. Uchelewaji ukiondoka, mhalifu yumo ndani ya hizo nane, na ukibaki, yumo katika nane nyingine. Gawanya tena ziwe nne, halafu mbili, halafu moja, na kwa kuwasha mara nne utakuwa umemfikia. Hesabu hiyo inashika ikiwa mhalifu ni mmoja. Wakiwa wawili, mmoja katika kila nusu, uchelewaji hauondoki kwa nusu yoyote ile, na hapo itabidi kurudi kwenye daftari.

Jambo ambalo siliungi mkono hata kidogo ni zile orodha zinazosambazwa kwenye video na makundi ya simu, zinazomtaka mtu azime huduma thelathini za Windows kwa mkupuo. Nyingi kati ya huduma zinazotajwa humo ziko kwenye daraja la Manual, maana yake hazikuwa zimeanza, kwa hiyo kuzizima hakupunguzi hata sekunde moja. Zinazobaki ni zile ambazo zikizimwa, baada ya wiki mbili kitu fulani hukataa kufanya kazi na hakuna anayekumbuka kwa nini: printa haionekani, sauti imepotea, au masasisho yanaleta kosa. Huduma kama Remote Procedure Call, Plug and Play na User Profile Service ndizo nguzo zenyewe za mfumo. Katika fungu hilohilo niingize ule ushauri wa kwenda kwenye msconfig, ukurasa wa Boot, na kuongeza idadi ya prosesa ili kompyuta iwake haraka. Windows hutumia prosesa zote tangu mwanzo bila kuambiwa, na kisanduku kile kipo kwa ajili ya kuzipunguza wakati wa majaribio.

Kwa steshenari kuna huduma moja inayostahili kutazamwa peke yake, nayo ni Print Spooler. Kazi ya kuchapa iliyokwama haifutiki kwa kuzima kompyuta, kwa kuwa imehifadhiwa kama mafaili ndani ya folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na hungojea hapo mpaka mashine iwake tena. Printa iliyouzwa mwaka uliopita na bado imo kwenye orodha, pamoja na waraka wa kurasa arobaini uliotumwa kwake kimakosa, inatosha kuifanya huduma hiyo ihangaike kila asubuhi. Isimamishe Print Spooler katika services.msc, futa vilivyomo ndani ya folda hiyo bila kuifuta folda yenyewe, iwashe tena huduma, kisha ondoa kwenye orodha printa zote ambazo hazipo mezani. Kila chapa ya printa pia huleta huduma zake za kupima wino na kutafuta masasisho. Hizo zinaweza kuhamishiwa Manual, na printa nyingi huendelea kuchapa kama kawaida.

Antivairasi nazo ni suala fupi: iwe moja. Mashine yenye mbili zinazokagua kila faili linalofunguliwa hulifungua kila faili mara mbili zaidi, na kuwaka kwa kompyuta ni kufungua maelfu ya mafaili.

Kuzima kuna taratibu zake. Unapobofya Shut down, Windows huanza kwa kuziuliza programu zenye madirisha kama ziko tayari kufungwa, na ile yenye waraka ambao haujahifadhiwa inaweza kukataa. Baada ya hapo zamu huja ya huduma. Huduma hupewa taarifa kwamba mashine inazimwa, na husubiriwa zimalize shughuli zake. Muda huo wa kusubiri umeandikwa katika rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, kwa jina la WaitToKillServiceTimeout. Katika Windows XP ulikuwa milisekunde 20,000, katika Windows 7 ukawa 12,000, na kuanzia Windows 8 ni 5,000. Hata hivyo, baadhi ya huduma zina ruhusa ya kuomba zishughulikiwe mapema na kwa muda mrefu zaidi, na Windows Update ni mojawapo, kwa sababu kuikata katikati ya kubadilisha mafaili ya mfumo kunaweza kuifanya kompyuta isiwake kabisa.

Ili kuona ni nani anayeshikilia mlango wakati wa kuzima, kuna badiliko dogo la rejista ambalo mimi huliona kuwa la manufaa kuliko programu nyingi za kulipia. Fungua regedit, programu ya kuhariri rejista, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, utengeneze thamani ya DWORD iitwayo VerboseStatus na kuipa 1. Kuanzia hapo, badala ya neno moja lisilo na habari, skrini ya kuwaka na ya kuzima itakueleza hatua inayotekelezwa, pamoja na jina la huduma inayosimamishwa. Jina litakalokaa pale muda mrefu ndilo la kuanzia uchunguzi.

Wapo wanaoshauri muda wa WaitToKillServiceTimeout upunguzwe uwe sekunde moja au mbili. Kwa kompyuta ya kuchezea filamu ushauri huo hauna madhara makubwa. Kwa duka la dawa au la vipuri linalotumia programu ya mauzo ni hatari, kwa sababu programu za aina hiyo mara nyingi huhifadhi hesabu katika hifadhidata kama MySQL au SQL Server, ambayo yenyewe inaendeshwa kama huduma. Hifadhidata inapoambiwa ifunge, humalizia kuandika kwenye diski yaliyokuwa bado kwenye kumbukumbu. Ikikatwa kabla ya kumaliza, asubuhi yake hulazimika kupitia kumbukumbu zake za mabadiliko na kurekebisha pengo, na wakati inafanya hivyo programu ya mauzo hukaa ikisubiri. Sekunde chache zilizookolewa jioni hulipwa kwa dakika za asubuhi. Ndivyo ilivyo pia kwa anayezima kompyuta kwa kuzima swichi ya ukutani kwa kuogopa umeme kurudi kwa nguvu: hofu yake ina msingi, lakini swichi ingojee mpaka taa za mashine zizimike.

Kuna sababu moja ya kuchelewa kuzima ambayo si ya huduma lakini hudhaniwa kuwa ni yao. Ikiwa mtu aliwahi kufuata maelekezo ya kuimarisha usalama, huenda aliwasha thamani ya rejista iitwayo ClearPageFileAtShutdown, inayoiagiza Windows ifute faili la kumbukumbu ya akiba kwa kuandika sifuri juu yake kila mashine inapozimwa. Faili la gigabaiti 8 kwenye diski inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde litachukua sekunde 80. Thamani hiyo ikiwa 0, hali ya kawaida hurudi.

Inabaki Fast Startup, ambayo huvuruga uchunguzi wote uliotangulia ikiwa mtu haijui. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kubofya Shut down kwenye kompyuta nyingi hakuzimi kila kitu. Programu za mtumiaji hufungwa kweli, lakini kiini cha mfumo pamoja na draiva na huduma huhifadhiwa kama vilivyo ndani ya faili la hiberfil.sys, na asubuhi hurudishwa kutoka hapo. Fungua Task Manager, ukurasa wa Performance, sehemu ya CPU, uangalie Up time: unaweza kukuta imeandika siku tisa kwenye mashine inayozimwa kila jioni. Kwa hiyo huduma iliyokwama Jumatatu inaweza kuamka ikiwa bado imekwama Alhamisi. Anayetaka kuzima kikamilifu achague Restart, au ashikilie Shift anapobofya Shut down. Vipimo vyote vya kuwaka vifanywe baada ya kuzima kwa namna hiyo, la sivyo utakuwa unapima kuamka kwa mashine badala ya kuwaka kwake.

Wanaotumia Linux wana kazi nyepesi zaidi. Mfumo wa systemd, unaosimamia huduma katika aina nyingi za Linux, ulioanza mwaka 2010 na kuingia rasmi katika Ubuntu, mojawapo ya aina hizo, kwa toleo la 15.04, hujibu moja kwa moja kwa amri ya systemd-analyze blame, inayoorodhesha kila huduma na muda iliyotumia. Orodha hiyo isichukuliwe kama hukumu, kwa kuwa huduma nyingi huanza sambamba, na iliyochukua muda mrefu huenda haikumzuia mtu. Amri ya systemd-analyze critical-chain ndiyo inayoonyesha mnyororo uliosubiriwa kweli. Aliyeona mashine ikikwama wakati wa kuzima huku ikihesabu mpaka dakika 1 na sekunde 30 ameuona muda wa kawaida wa systemd wa kusubiri huduma ifunge, na wakati wa kuwaka mshukiwa wa kwanza katika mazingira ya bando la simu ni NetworkManager-wait-online, ambayo kazi yake yote ni kungoja mtandao uwe tayari.

Kabla ya kuanza kuzima huduma yoyote, hata hivyo, pitia daftari la System ukitafuta matukio yenye chanzo kiitwacho disk. Namba 7 hutaja kipande kibovu, na namba 153 hutaja ombi la kusoma au kuandika ambalo ilibidi lirudiwe. Diski inayoanza kufa hufanya huduma zote zichelewe kwa pamoja, na kila kuwasha upya kwa ajili ya majaribio kunaisogeza karibu na mwisho wake. Ukikuta namba hizo zinajirudia, chomeka diski ya nje na unakili hesabu za duka, picha za wateja na nyaraka zote wakati mashine bado imewaka, ndipo uendelee na mengine.